Mama Mkwe Anafunga Bomba la Jiko

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo. Nakuomba unishike mkono katika hili, ingawa ukitutembelea utashangaa nalia nini, maana nyumba yangu ina amani, mume wangu Modest ananipenda, na mama yake, mama Bernadina, tangu ahamie kwetu hapa Gehandu tunaelewana hadi majirani wanadhani ndiye aliyenizaa, na baridi ilipoanza Modest akaleta kutoka kwa fundi wa Katesh jiko la kuni la chuma lenye bomba la kutolea moshi nje, tukaliweka sebuleni, jioni tunachoma mahindi na kucheka, na mama kwa furaha akahamishia kitanda chake hapohapo, analala na mjukuu wake Agatha.

Sasa shida ni kwamba moto ukishatulia na kubaki makaa, mama anazungusha kishikio cha kifuniko kilichomo ndani ya bomba na kulifunga, kisha anaziba chini ya mlango kwa kitenge, na anasema, “Kuni tumekata sisi, joto waote kunguru?” Juzi asubuhi Agatha aliamka kichwa kinamuuma akatapika, na mama mwenyewe alikuwa anatembea ameshika ukuta, walipokaa nje kidogo wakapata nafuu, mama akasema ni maharage ya jana, lakini maharage hayo tulikula wote. Mimi nikifungua bomba, yeye anafunga. Nilimwambia Modest akacheka, akasema, “Mama amelala na moto tangu azaliwe Balangdalalu, mbona yuko hai?” Naogopa kusema mwenyewe, kwa sababu kumwambia mama mkwe hajui moto ni sawa na kumwambia hajui kulea, akichukia akafunga mizigo nyumba hii itapoa kuliko Julai. Nifanyeje?

Marieta, Gehandu

Marieta, marahaba. Nimeisoma barua yako nikitabasamu, kwa sababu nyingi zinazonifikia kuhusu wakwe zina sufuria zilizorushwa. Lakini mwanangu, unacheza na hatari. Maharage gani hayo yanayochagua waliolala karibu na jiko? Makaa mekundu yasiyo na moshi yanatoa sumu isiyoonekana wala kunuka. Ukifunga bomba inabaki ndani, na aliyelala anaweza asiamke.

Modest naye aache kucheka. Mama yake alilala na moto kweli, lakini chini ya paa la nyasi, na nyasi zinapumua. Nyinyi mna bati, dari, vioo na saruji, halafu kitenge mlangoni. Hewa ipite wapi?

Wala usimwambie hajui moto. Kaeni mpukuchue mahindi, umuulize, “Mama, kule Balangdalalu moshi ulikuwa unatokea wapi?” Atakujibu mwenyewe kwamba kwenye nyasi. Hapo mwambie kwamba hapa nyasi zenu ni lile bomba. Halafu Modest aite fundi akitoe hicho kishikio pamoja na kifuniko chake, bomba libaki wazi siku zote.

Kitanda kirudi chumbani leo. Oteni moto jioni, uzimike kabisa ndipo mlale, na mama umwongezee blanketi. Dirisha liachwe wazi kidogo wakati jiko linawaka. Tumieni kuni kavu, masizi ya bombani yasafishwe, msianike nguo za Agatha juu ya jiko, na majivu yatoke nje kwa ndoo ya bati, si kwa kikapu. Kichwa kikimuuma mtu tena, wote nje kwanza, kisha zahanati. Habari za maharage mtaongea huko mbele.

Unaogopa mama atafunga mizigo. Akifunga, utamfuata Balangdalalu na sukari na sabuni, utapiga magoti, na atarudi kwa sababu anakupenda. Kuna safari nyingine ambayo mtu hafuatwi akarudishwa. Kwa hiyo weka gazeti chini sasa hivi. Mpe shikamoo yake, kisha umwambie.