Kishungi cha Kuku wa Bibi Opal

Jumatatu, 4 Oktoba 1993

Mke wa Royce Tackett! Wiki ya tatu sasa na bado nikiliandika jina hilo nacheka peke yangu. Leo kaniamsha kwa busu na kahawa. Kisha akanionyesha kazi.

Mitungi ya biskuti! Sebuleni, ngazini, hata bafuni juu ya sinki. Dubu wa kauri, tembo wa kauri, watawa wa kauri. Bibi Opal, nyanya yake Royce aliyemlea katika nyumba hii, anahamia kwa binti yake mjini Columbus, na chumba cha huko kinatosha mtungi mmoja tu. Mingine itauzwa. Ijumaa anakuja mthamini, Bwana Hasley. Sisi ni kusafisha na kutafuta nyufa. Mgongo wangu! Lakini bega kwa bega na mume wangu — nitake nini tena?

Jumanne, 5 Oktoba

Royce anaugonga kila mtungi kwa ukucha. Mzima unaimba. Wenye ufa unasema "dup," basi. Kisha anaufungia kijikaratasi: umepasuka hapa, umeungwa kwa gundi pale. Kule mnadani anakouza vitu vya kale Jumapili wanamwita Mchungaji kwa tabia hiyo. Leo jirani kapita, kachungulia dirishani. Eti, "Mchungaji, huo ukweli wako utakuua njaa!" Royce akamjibu, "Nife tu, mke ninaye."

Nimeyeyuka kama siagi. Nimechoka pia. Nimejitupa kitandani na viatu.

Jumatano, 6 Oktoba

Bibi Opal amenionyesha mtungi atakaokwenda nao. Kuku mweupe, mnene, kishungi chekundu kichwani. Usichanani mwake alikuwa mpakaji rangi katika kiwanda cha kauri, kule Roseville. Kishungi kile ni mkono wake! Halafu kijana mmoja akamnunua kuku yule dukani, akampelekea Bibi mwenyewe siku ya posa, asijue nani kampaka.

"Ulimwambia?" nikamuuliza.

"Nimwambie nini, mwanangu? Kwanza nilimkubali. Siri nikampa harusi imeshapita, asije akapunguza mapenzi kwa kuona nimejiletea zawadi mwenyewe."

Tumecheka mpaka machozi. Kisha akasema taratibu: hakuna brashi nyingine iliyomgusa kuku huyu. Anataka Bwana Hasley amtajie thamani yake tu, aende akaringe nayo Columbus.

Alhamisi, 7 Oktoba

Mungu wangu.

Nilitaka kumfurahisha. Kuku alikuwa na mafuta ya jikoni ya miaka na miaka. Nikamtia kwenye beseni, maji moto, sabuni, kama nilivyofanya kwa wale wengine. Miguu ikiniwaka moto. Nikakaa kitini nipumzike kidogo — usingizi ukanichukua. Kuamka, maji mekundu. Kuku ana upara!

Royce karudi kutoka kazini kanikuta nalia. Hakunigombeza. Alikaa sakafuni kando yangu, akanieleza: nyekundu ya zamani hawakuichoma tanurini, waliipaka juu juu baadaye. Maji moto ndiyo adui yake. "Mimi ndiye niliyesahau kukwambia," akasema. "Kosa langu."

Nikasema nitamwambia Bibi. Akanishika mkono. "Usimwambie. Atalia, na wewe utalia, na mimi siwezi kuwatazama wote wawili."

Kisha akatoa brashi.

Royce! Yeye asiyenyamazia hata alama ya kucha! Alipaka kwa uangalifu, ulimi umemtoka kidogo kama mtoto wa shule. Kishungi kimetoka kizuri. Kila siku akifanya kazi hupiga mluzi. Leo hakupiga. Sijawahi kupendwa hivi, na sijawahi kuchoka hivi.

Ijumaa, 8 Oktoba

Naandika jikoni, nasubiri kahawa ichemke. Wao wako sebuleni, nawaona kwa mlango ulioachwa wazi kidogo. Bwana Hasley ni mcheshi: "Bibi Opal, nyumba yako ina mitungi mingi kuliko waumini wa kanisa letu!" Bibi naye: "Na mitungi yangu haisinzii wakati wa mahubiri."

Bwana Hasley amepitia vijikaratasi vyote vya Royce, anamsifu. Cha kuku hakina neno. Amekigeuza pande zote mbili. "Huyu hana hitilafu?"

Royce akakohoa. Bibi ndiye aliyejibu: "Huyo namjibia mimi. Naweka jina langu rehani."

Basi Bwana Hasley katoa taa fulani ya zambarau mkobani. Kwa kila mtu hufanya hivyo, anasema, si kwamba anamtilia Bibi shaka. Gizani, chini ya taa hiyo, rangi mpya huwaka, ya zamani hulala.

"Washa tu!" Bibi anacheka. Amevuta kiti karibu aone vizuri. "Nataka mapazia yafungwe — Royce, funga mapazia! Mwanangu, uko jikoni? Njoo utuzimie taa!"

Nimeitika. Sijainuka.

Pete za mapazia zinakwaruza chuma. Polepole mno. Sasa zimesimama katikati.

"Bibi," Royce anasema, "ngoja kwanza."

Naacha kalamu. Sitaki aanze kusema yeye; kuku nilimwosha mimi.