Ulichagua Zamu ya Maji

Mama,

Shikamoo. Nakuamkia kwa kuwa ulinilea hivyo, si kwa kuwa nimekusamehe.

Niko Dar es Salaam, wodini. Kansa imenipata na mimi, titi la kushoto kama wewe. Uvimbe ulikuwa mdogo, wakautoa. Sasa wananipiga mionzi pale pale uvimbe ulipokuwa, si kifua kizima, na kwa siku chache tu. Daktari anasema ni kwa sababu nimewahi. Aliposema "umewahi" nililia kwa hasira, yeye akadhani naogopa.

Wewe pia uliwahi! Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, mimi nauza mitumba Same mjini, na daktari wa pale akakuambia ushuke Dar. Wakati ule mionzi ilikuwa ya wiki nyingi. Ukapanda zako mlimani, kwetu Mhezi, ukanyamaza, kwa sababu zamu yako ya maji ya ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia, ilikuwa imekaribia, na mjomba aliyekuwa msimamizi alishasema asiyekuwepo hana zamu. "Maji hayangoji," ulijitetea baadaye nilipojua, "daktari yupo tu." Ukamwagilia maharage yako. Msimu ukaisha, ukaja mwingine, titi likaanza kutoa usaha.

Kisingizio, Mama. Mlima mzima unajua kuwa mtoto husimama zamu ya mzazi wake. Ningefunga meza ya mitumba siku hiyo hiyo nikapanda. Hukuniambia. Eti hukutaka kunisumbua! Umenisumbua miaka yote hii. Msibani walikusifu kwa uvumilivu, nami nilitamani kuwafukuza wote, wao na masufuria yao ya makande.

Jana mjomba alipiga simu. "Mpwa wangu, panda huku tukuombee, hayo ya mionzi utamalizia baada ya mavuno." Nikamkatia simu. Ndiyo, mjomba mwenyewe, ndugu yako wa tumbo moja, nilimkatia akiwa katikati ya maneno. Ungekuwepo ungenichapa.

Laiti ungekuwepo unichape. Ninakulilia mpaka leo, ndiyo maana nina hasira hivi.

Kesho nalala tena chini ya ile mashine, na keshokutwa, mpaka wao wenyewe waseme basi. Pumzika, Mama. Nakuahidi neno moja tu: huko uliko nitachelewa sana kuja. Usinisubiri.

Mwanao