Mizani Chini ya Mzinga Wangu

Lipovdol, siku ya tatu baada ya sikukuu ya Mtakatifu Haralampi

Dada yangu mpendwa Dobrinka,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku nyumbani. Natumai mafua yamekuachia, na kwamba Radostina anakutilia chumvi ya kutosha kwenye chakula, maana mwanao huyo anapika kama mpishi wa hospitali. Sisi hatujambo. Mume wangu anakohoa na hataki kusikia habari za daktari, kwa hiyo hakuna jipya. Utajiuliza barua ya nini wakati kila Jumapili tunapigiana simu. Kwenye simu mimi najua sana kujitetea, dada. Nisome tu mpaka mwisho.

Tangu siku ya sikukuu sina raha. Ulipokuja kutoka Burgas kwa ibada, nilikuona kanisani umeshika mshumaa bila chupa ya asali, wakati wenzio wote walipanga zao mbele ya padri zibarikiwe. Mwenzetu Kera alipokuuliza, ukamjibu kwamba asali ya nyuki uliowaua kwa mikono yako huwezi kumpelekea mtakatifu mlinzi wa nyuki. Nilikuwa nyuma yako, nimebeba chupa yangu. Padri aliinyunyizia maji na kunisifu mbele ya watu, nami nikainama kama mtu mnyenyekevu.

Sasa nirudi kwenye kiangazi. Unakumbuka wale vijana wa mradi wa nyuki walivyoleta mizani moja kwa kijiji kizima, wakaiweka chini ya mzinga wangu kwa sababu eti ndio uliotunzwa vizuri kuliko yote. Kila asubuhi mizani ilinitumia uzito kwenye simu, nami nikauandika kwenye kundi letu la simu la wanawake kumi na mmoja. Uzito ukipanda, maua yanatoa utamu na nyuki wanajaza asali. Ukishuka, tusivune, tuwape nyuki maji ya sukari. Nilitembea kijijini kichwa juu, hata muuza mikate alinizoea kwa kuringa.

Mwezi wa sita likaja lile joto. Miti ya lipa, tegemeo la nyuki wetu, ilichanua siku tatu tu, maua yakakauka kama majani ya chai. Uzito ukashuka siku ya kwanza, nikaandika. Ukashuka siku ya pili, nikaandika. Hapo Kera akatania kwenye kundi kwamba mzinga wa Velika umeanza kufunga Kwaresima, na kwamba labda mradi ungetafuta mzinga wa mtu anayejua kazi. Walicheka wote. Hata wewe ulituma kile kisura cha kucheka.

Jioni ile nilikoroga sukari nikaumiminia mzinga ule nusu lita. Ule mmoja tu, ile mingine sikuigusa. Asubuhi uzito ulikuwa umepanda, nikauandika kwenye kundi. Nilijiambia ni mara moja, ili Kera afunge mdomo. Lakini kesho yake ningeandikaje kwamba umeshuka? Nikamimina tena, na tena, siku kumi na tisa. Kundi likawa linanishukuru. Wakauliza kama wavune asali yote ya mwezi wa tano, nikawaambia wavune bila wasiwasi, lipa itajaza.

Wengi walivuna nusu, ndiyo maana wamebakiwa na mizinga kadhaa. Wewe ndiye uliyenisikiliza kwa kila neno. Na kabla ya kuvuna ulinijia mpaka uani, ukaniambia umeinyanyua mizinga yako kwa nyuma kama mama alivyotufundisha, na unaiona myepesi. Nami nikakujibu kwamba mikono inazeeka, mizani haizeeki.

Ilikuwa myepesi, Dobrinka. Mikono yako haikukosea hata kidogo. Mizinga kumi na minne ya mama imekufa njaa wakati wa baridi kwa sababu yangu, nawe ukafunga nyumba ukahamia Burgas kwa Radostina ukiamini umechoka akili. Nilikusaidia kufunga mizigo. Nilikufariji, nikasema uzee unatufika wote. Naona aibu hata kuliandika neno hilo.

Wiki iliyopita watu wa mradi walinipigia. Wanataka niende kuwafundisha wanawake wa vijiji vingine, ati nimekuwa mfano. Nilikataa. Waliponiuliza sababu, nikasema mguu unaniuma. Unaona nilivyo? Hata kukataa nimekataa kwa uongo.

Jumapili baada ya ibada nitawaambia wote, Kera akiwepo. Lakini najijua, nikisimama pale nitatafuta mguu mwingine wa kusingizia. Ndiyo maana nimekuandikia wewe kwanza. Panda basi la asubuhi uje, ukae mbele unitazame, nisiweze kugeuza neno. Ukishindwa kunitazama, nitaelewa, ila uje.

Nisalimie Radostina na watoto. Mume wangu anakusalimu, naye hajui lolote bado.

Ni mimi mdogo wako,
Velika