Maji ya Vyombo

Jumatatu, 2 Februari 1981
Ndiyo, huo mti namwagilia ni wa Bi Saumu. Wangu anamwagilia yeye. Leo tena mtu ameniuliza, kwani nimeoa huko? Nikamwambia bado, mahari imenishinda. Alicheka mpaka akanunua debe, na kuuza madebe ndio kazi yangu. Siku njema.
Sheria ya miti yetu ni moja tu: hapana kumwagilia wako. Wako ni kazi ya jirani. Bi Saumu ndiye alileta hiyo maneno, siku tulipanda hapa kati ya nyumba na jaa la Dandora, ndio moshi ya takataka isituingilie kwa vikombe. Yeye mtu wa Lamu, anauza mahamri. Wengine Wakamba, Wajaluo, Wakikuyu, hata wale wa kuokota chupa. Maji ni ya vyombo, yale umeoshea sahani na sufuria, ungemwaga tu. Mwarobaini wake umenipita kichwa. Mpera wangu mfupi kama mwenyewe.

Alhamisi, 5 Februari
Bomba imekauka, siku ya tatu. Madebe yanaenda kama mandazi moto.
Pale foleni nikawachekesha: "Miti ya Bi Saumu inaoga kila asubuhi, na nyinyi mnanuka!" Foleni yote ikaanguka. Kulikuwa na jamaa wa suti, anataka udiwani kwa uchaguzi mdogo wa mwezi huu. Akaniita kando. Anataka mdomo wangu kwa mkutano. Kwa mara ya kwanza mdomo umepata kazi.

Jumapili, 8 Februari
Mkutano. Nilipanda pikapu, nikarudia ile ya miti kuoga. Vicheko. Halafu yule mgombea akachukua spika, na yeye hakuwa anacheka.
"Maji ni ya watu! Nani ameruhusu wageni wanyweshe miti, watoto wetu wakilala na kiu? Mkinichagua, hapo ni ploti zenu!"
Makofi. Ati wageni. Bi Saumu alikuwa Dandora kabla yangu.
Alisimama mbele na buibui yake. Hakumjibu mgombea. Aliniangalia mimi.
"Mwanangu, wewe wajua. Waambie ni maji gani."
Spika imerudi mkononi mwangu. Neno mbili tu: ya vyombo. Nikasema, "Mama, leo niko kazini."
Watu wakacheka. Yeye hapana.
Mimi ni takataka.

Jumatatu, 9 Februari
Sikumwagilia. Niliona haya.

Jumatano, 11 Februari
Watu wa mkutano wamekata miti. Mchana kweupe, na mapanga. Wakipiga kelele, "Imeoga vya kutosha!" Maneno yangu hayo. Fundi wa viatu, ambaye mti wake nao umelala chini, ndiye aliangusha mwarobaini. Alikuwa na furaha kama mtu wa harusi.
Wamebakisha mmoja. Mpera wangu. "Huo wacheni, ni wa mtu wetu."
Mtu wao. Nimelia, mtu mzima mimi.

Alhamisi, 12 Februari
Moshi imeingia mpaka kwa blanketi.
Asubuhi nikachungulia dirishani. Bi Saumu amekuja na karai, polepole, anakohoa. Akamwagia mpera wangu yote. Hakuangalia mlango wangu. Akarudi.
Angenitukana ningepona.

Jumamosi, 28 Februari
Yule jamaa amepata kiti chake. Maji bado. Ploti hakuna, wala yeye mwenyewe haonekani.
Nilienda foleni nikasema wazi: nilidanganya, ilikuwa maji ya vyombo. Hakuna aliyecheka. Fundi wa viatu akaangalia debe lake tupu. "Si ungesema siku ile, bwana."
Hivyo tu. Hata hakukasirika.

Jumanne, 10 Machi
Bi Saumu amehamia Eastleigh kwa binti yake. Ni kifua. Nilikuwa jaani naokota madebe, sikumuona akienda. Nilipata karai lake mlangoni kwangu, limeoshwa, limefunikwa kifudifudi.
Kisiki cha mwarobaini kimetoa majani mawili. Nakipelekea maji yangu ya vyombo. Fundi ameniona. Jioni nikakuta udongo pale umelowa tena.
Lakini mpera wangu sasa hauna mtu. Na mimi siwezi kuumwagilia, sheria ni ile ile.
Daftari zote zinaishia jaani, mimi naziokota kila siku, kwa hivyo hii pia itaokotwa. Basi wewe uliyeokota, tufanye hivi. Karai liko mlangoni. Ukiosha sufuria, usimwage, pelekea mpera wangu. Wako, popote uliupanda, nionyeshe tu, nitaumwagilia mimi. Hata kama wewe ndiye ulishika panga.