Siti za Kumleta Hosiana

Jumapili, 9 Machi 2025

Meseji ya Hosiana naiandika hapa kwanza, halafu ndiyo naihamishia kwenye simu. Nikianzia kwenye simu vidole vinanikimbia.

"Mwanangu Hosiana, hujambo? Mumeo Jonathan hajambo? Mkwe wangu Mama Jonathan, mguu wake unaendeleaje? Na huyo wa tumboni anacheza? Sisi huku Mazimbu wazima. Baba yako mzima, kikohozi kimemwachia. Bibi Martina mzima, macho ndiyo hivyohivyo ila pua na mdomo bado vipya. Mdogo wako Magreth mzima, saluni wateja wapo. Mbwa mzima. Mimi mzima, moyo tu. Baba yako kapata siti za Landrova. Jumamosi anakuja huko Nyandira kukuchukua, ujifungulie nyumbani. Jiandae."

Kajibu hata sijakaa. Bodaboda hapandi na tumbo lile. Basi linamtapisha toka Nyandira mpaka Sangasanga. Gari la baba sawa, ila liwe na siti, siyo lile benchi la mbao. Na lisinuke! Tangu apate hii mimba hata sabuni ya mumewe inamtapisha. Likinuka tu anashuka, anajifungulia hukohuko kwa mama mkwe.

Kwa mama mkwe! Mtoto wa kwanza anazaliwa kwa mama wa binti. Na ukoo ni wetu, wa upande wa mama. Mama Jonathan naye Mluguru, hayo anayajua, anajifanya kasahau. Ati kituo cha afya kiko mlangoni pake. Na hospitali ya hapa mjini imehama?

Kadi ya kliniki inasema tarehe 2 mwezi wa nne. Muda upo. Nasema tu upo.

Jumatatu, 10 Machi

Siti zimefika. Mungu wangu!

Baba Hosiana kazitoa Dumila, kwa mtu mwenye Noah iliyokufa zamani. Siti mbili. Kazishusha anacheka, ati za kitambaa mama, laini hizo. Laini kweli — ndiyo maana kuku walizipenda! Wametagia humo sijui miaka mingapi. Mavi yamegandamana, rangi ya kitambaa huioni. Manyoya. Yai viza moja limejibana kwenye mkunjo. Na utitiri! Nimeinama dakika mbili tu, mikono yote inatembea. Baba Hosiana anajikuna anajifanya anafuta jasho.

Kwaresima hii niliahidi kutomgombeza. Nimezunguka nyuma ya nyumba nikaugombeza mchicha.

Jumanne, 11 Machi

Leo nimefanya kazi! Kwanza dawa ya utitiri, nikazifunika nailoni mpaka saa nne. Halafu nikakwangua kwa kijiko cha zamani. Halafu sabuni ya unga, brashi, maji. Ndoo ya kwanza ilitoka kama chai ya rangi. Ya tano ikatoka afadhali. Nikaona siyo kazi ya ndoo, nikachomeka mpira bombani nikazimwagia mpaka zikanywa zikashiba.

Buluu! Kumbe ni za buluu, na maua madogo. Nikamwita Baba Hosiana aje aone. Kasema unaona sasa, mimi jicho ninalo. Nikakumbuka Kwaresima.

Nimezianika ukutani. Moja ya Hosiana, moja yangu. Na mimi nitakwenda kumchukua Jumamosi, nikae naye nyuma nimshike njia nzima.

Jumatano, 12 Machi

Harufu imerudi. Imerudi na ndugu zake!

Bibi katoka na fimbo yake, kasimama mlangoni. Kauliza nani kachinja jogoo akamsahau. Nikamwambia mama, ni siti, nimezifua jana. Akasema umezifua au umezikasirisha?

Nikaongeza sabuni. Nikaongeza maji. Ikazidi. Nikakaa chini nikaanza kulia, mtu mzima mimi. Namwona Hosiana anafungua mlango wa gari, anaziba pua, anaufunga.

Abdulswamad kapita, yule fundi makochi wa nyumba ya tatu. Nikamkimbilia. Kasimama mbali, kashika pua. "Mama Hosiana, nimefunga mie, unataka nifuturu saa hizi?" Lakini kaja. Kabonyeza siti kwa kidole kimoja — maji yakachuruzika, meusi.

Kasema mama yangu, umepika supu ya kuku humu ndani. Kitambaa unakisugua kwa povu, unafuta, basi. Ukimwaga maji uchafu wote unashuka kwenye sponji, unalala humo, unachacha. Hizi jana zilikuwa kavu, ungefuta tu yakaisha.

Kumbe ni mimi. Siyo kuku, siyo Dumila, siyo Baba Hosiana. Mimi na mpira wangu!

Nikamwuliza zimekufa? Akasema hazijafa, ila uzifumue.

Alhamisi, 13 Machi

Kava tumezifumua kwa wembe, mimi na Magreth. Ndani nisiandike. Kava zimefuliwa peke yake. Sponji tumeziweka kwenye beseni la maji na siki, tukazikanyaga kwa miguu. Zamu kwa zamu. Kukanyaga, kumwaga, kukanyaga. Bibi kaletewa kiti, anapiga makofi, ati tunacheza ngoma ya nani. Tumecheka mpaka Magreth kateleza kakalia beseni.

Maji ya saa nane yalitoka meupe.

Saa tisa mlima ukajifunika. Nikajua. Mvua! Tumekimbiza sponji ndani, moja ikalazwa kitandani kwangu. Haitakauka hii. Kesho Ijumaa, keshokutwa safari. Baba Hosiana kasema tutandike turubai juu yake. Nimemwambia akae yeye kwenye turubai na tumbo la miezi minane. Sijamgombeza, nimemshauri.

Ijumaa, 14 Machi

Magreth ana akili huyu mtoto! Kazipeleka sponji saluni kwao. Kaziweka kwenye viti, kazishushia draya kichwani, zile kubwa za kufunika. Nimefika nimezikuta zimekaa mbili kama wateja wa harusi. Mama mmoja kaingia kusuka, kauliza hizi zimetoka wapi. Magreth kamjibu Dumila, zilikuwa na utitiri. Saluni nzima chini!

Saa nane zimekauka. Saa kumi Abdulswamad kashona kava, kakataa soda, kasema mwekee Hosiana. Fundi wa kuchomelea kazifunga ndani ya Landrova.

Halafu pua ya Bibi. Tumempandisha. Kakaa. Kavuta. Kavuta tena, kainama mpaka kwenye kitambaa. Akasema: panakalika na mkwe.

Mkwe kweli! Hata dakika kumi hazijapita Mama Jonathan kapiga simu. Ati hawezi kumwacha mwenye mimba ateremke mlima na mwanamume peke yake, hata kama ni baba yake. Jonathan yuko shambani. Atamsindikiza yeye.

Siti mbili. Mbele ni ya dereva tu. Nimehesabu mara mbili, kama zitazaa ya tatu. Nikasema sawa, mkwe, karibu.

Nikaenda tena kwenye mchicha.

Jumamosi, 15 Machi

Saa kumi na mbili Baba Hosiana kaondoka. Nimemwekea khanga zangu mbili mpya chini ya siti, kama Hosiana atasikia baridi. Mlima mweupe, wazi.

Saa nne Hosiana kaandika! "Mama siti hazinuki kabisa. Umeweka nini? Tumeanza safari." Nimemsomea Bibi. Nimemsomea Abdulswamad njiani. Nimewasha mkaa, nimebandika kuku.

Saa tano na nusu. Simu ya Mama Jonathan. Upepo mtupu. Nimesikia nusunusu. Ati mkwe usishtuke. Chupa imepasuka. Siti yako imelowa yote, unisamehe, najua ulivyoihangaikia. Na Stephano ana — ikakata.

Ana nini Baba Hosiana? Anaendesha? Analia?

Napiga, haipatikani. Ya Hosiana haipatikani. Ya Baba Hosiana inaita hapa hapa mezani, kaisahau!

Siti! Mtu anaomba msamaha wa siti! Ilowe. Iloweee.

Simu siwezi, naandika hapa kwanza.

"Mkwe, salamu nitakupa ukifika. Siti achana nayo. Mlaze Hosiana kichwa mapajani kwako. Mgongo usimguse, akiumwa hapendi, mshike mkono. Atakuchekea, usimwamini, hapo ndiyo anaogopa. Chini ya siti kuna khanga mbili, zitumie zote. Stephano asikimbize gari, apite zahanati yoyote iliyo karibu, siyo lazima Mazimbu. Popote mkwe. Mama yake kwa sasa ni wewe. Nijibu neno moja tu, upesi."