Nyumba Namba Saba Ni Yangu

Mshauri wangu mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Alhamisi, maana Alhamisi naibu waziri anakuja kutembelea jiko la mke wangu na mke wangu hana habari.

Mimi ni mpima hewa. Ofisi yetu inaandika rasimu ya sera ya hewa safi na nishati safi ya kupikia, na miezi minne iliyopita nilipewa vifaa saba vya kupimia moshi nivifunge katika nyumba saba, sita nikavifunga vizuri, ya saba mwenye nyumba akanifukuza akidhani nimetumwa na watu wa kodi, basi nikaona isiwe tabu, nikakifunga jikoni kwangu nyuma ya kabati la vyombo, nikamwambia mke wangu ni dawa ya mende. Mke wangu anawapikia mafundi wa gereji ya jirani, mkaa unawaka tangu asubuhi mpaka saa tisa, dirisha ni la kupita paka, na binti yetu wa miaka minne anashinda humo humo akichezea vifuniko.

Majibu yalipotoka, nyumba yangu ilishinda zote, mshauri, ilishinda hata kipimo cha ofisi kilichofungwa kwenye nguzo ya barabara ya malori. Mkurugenzi alifurahi mno. Akasema, "Hii ndiyo nyumba tuliyokuwa tunaitafuta!" Sasa Nyumba Namba Saba iko kwenye rasimu, ukurasa wa kumi na mbili, imeandikwa kwamba mama wa nyumba hiyo "hana uelewa wa madhara ya moshi", na sentensi hiyo niliihariri mimi mwenyewe, niliongeza koma.

Tangu hapo naogopa kuingia jikoni, nakula uani nimesimama, mke wangu anadhani nina mwanamke maana simu haitoki mkononi, kumbe nasoma takwimu. Mwezi uliopita mtoto alibanwa na kifua, daktari wa zahanati akauliza, "Mnapikia nini nyumbani?" mke wangu akasema mkaa, mimi nikasema inategemea. Niliwahi kuleta jiko la umeme, siku ya pili umeme ukakatika maharage yakiwa nusu, mafundi wakala mkate mtupu, akaniambia, "Baba watoto, hiyo sera yako itie chumvi uile." Sasa wanakuja na waandishi wa habari na jiko la zawadi lenye utepe, mkurugenzi anataka anwani, nimeshamwambia mara mbili nyumba inapakwa rangi. Nimwambie nani kwanza, bosi au mke? Au niombe likizo?

Mpima Hewa

*

Mpima Hewa, likizo hupewi. Umechoka na nini?

Nakuonea huruma, kidogo. Kupima moshi wa watu ukakuta wako ndio mkali kuliko wote ni aibu, na aibu ya siku moja ningeielewa. Wewe umeilea tangu majibu yalipotoka. Mkurugenzi anaijua habari ya moshi huo, naibu waziri anaijua, sasa na mimi naijua. Asiyeijua ni yule anayeuvuta huo moshi, yeye na mwanao. Na daktari alipouliza swali la kumsaidia mtoto, ulijibu kama msemaji wa wizara.

Jana nilipiga simu kwa namba uliyoiandika chini ya barua. Akapokea mkeo, akasema unaoga. Si kazi yangu kukusemea, nikasema nimekosea namba. Akanijibu, "Kama wewe ndiye yeye, basi awe anakula huko huko." Nimesimangwa kwa sababu ya takwimu zako.

Usisubiri jioni. Mafundi wa gereji husoma ukurasa huu wa gazeti wakingojea chakula. Toka ofisini sasa hivi, ingia jikoni, mwambie ile dawa ya mende ilikuwa nini, umsomee ukurasa wa kumi na mbili, koma yako ikiwemo. Atakachokuambia, kipokee. Kisha toeni jiko la mkaa nje, leo, na mafundi hao hao wapanue dirisha. Mtoto arudishwe zahanati, na safari hii useme: mkaa, ndani, tangu asubuhi.

Halafu mwandikie mkurugenzi. Nyumba ni yangu, kipimo ni cha kweli, sentensi ni ya uongo, kwa sababu mwanamke huyo hakuambiwa wala hakuulizwa. Akikufukuza, utafute kazi nyingine.

Ugeni wa Alhamisi ataamua mkeo. Akiukubali, amuulize naibu waziri umeme utakaa saa ngapi kwa siku, gesi itafika lini mtaani, na sola ipi yenye betri inaweza kuivisha sufuria la mafundi ishirini. Sina hakika kama rasimu yenu inajibu hata moja. Walioiandika huletewa chakula mezani.

Mbele ya kamera aongee yeye. Wewe mbebe mtoto.