Hija nyuma ya shuka

Hamisa, sijui uso niuweke wapi. Bibi Somoe kamsimulia shehe kile kisa cha sinema mbele ya wakwe zangu.

Enzi za Mwingereza, gari la sinema lilikuja Temeke na picha ya mahujaji. Wanaume wakakaa mbele ya shuka jeupe, wanawake wakawekwa nyuma yake.

Kaaba ilipotokea, wanawake wakavua viatu, wengine wakalia. Somoe, binti aliyetoka kuhitimu madrasa, akasimama. "Mbona wanaizunguka ikiwa kulia kwao? Si tumefundishwa iwe kushoto?"

Mwalimu wake akajibu kutoka mbele, "Huku iko kushoto. Kaa chini."

Eti kaa chini, Hamisa! Anaambiwa Bibi yule.

Akakaza buibui, akalizunguka shuka, wanawake wote wakamfuata. Wakapita kwenye mwanga, vivuli vyao vikaifunika Kaaba nzima, wakaketi miguuni kwa mwalimu.

Sasa shehe kamuuliza kwa upole, "Ulitubu, Bibi?"

"Nitubu nini, mwanangu? Nyinyi ndio mlionionyesha dini kinyume. Mie nilihama upande tu."

Kisha akanyanyua kiti chake, akatuacha upande wetu wa wanawake, akaenda kukaa na wanaume.